Loji ya Waafrika katika Mji wa Boston

Wasikilizaji wetu, neno Frimasoni wengi wenu mmelisikia. Likitajwa barazani, aghalabu mmoja husema hao ni watu wa uchawi, wa pili husema ni matajiri waliokula kiapo cha damu, na wa tatu huchukua kofia yake akaondoka, kwa kuwa hataki kusikia zaidi. Nairobi na Dar es Salaam zipo nyumba zao, na wako wapitao mbele yake kwa kukaza mwendo. Sisi hatukuja kuwatetea watu hao wala kuwashitaki. Tumekuja kuwasimulia habari za loji moja tu, yaani tawi moja la chama hicho, lililoanzishwa na watu weusi katika mji wa Boston, Marekani, zamani za utumwa. Tumeichagua loji hiyo kwa sababu karatasi zake zimesalia: barua, maombi kwa Serikali, na hati yenyewe iliyotoka London. Tena kisa chake kinagusa jambo ambalo pwani yetu nayo ililijua sana, nalo ni tofauti iliyokuwapo kati ya mtu mwenye karatasi na mtu asiye nayo.

Kwanza yafaa tueleze chama chenyewe. Hapo kale katika Uingereza na Uskochi, mafundi waashi waliojenga makanisa makubwa ya mawe walikuwa na vyama vyao vya kazi. Kibanda walichojenga penye kazi, wapate kuchongea mawe, kula na kupumzika, ndicho kilichoitwa loji. Baadaye waliingia katika vyama hivyo watu ambao hawakupata kushika mwiko hata siku moja, mabwana wenye mashamba, wanazuoni na wafanya biashara, nao wakazifanya zana za waashi, yaani bikari, timazi na kipimo cha pembe, kuwa mifano ya mwenendo mnyofu. Mwaka wa 1717 loji kadha za London zilijiweka chini ya Loji Kuu moja. Mwanachama hupanda daraja tatu: ya mwanafunzi, ya fundi mwenzi, na ya fundi mkuu, na kila daraja ina ishara zake za siri, ili ndugu amtambue ndugu hata akiwa ugenini.

Tafadhali shikeni mambo mawili. La kwanza, kanuni zilizopigwa chapa mwaka wa 1723 zilisema kwamba anayeingia sharti awe mtu huru, asiwe mtumwa. (Zilisema pia asiwe mwanamke, lakini shauri hilo si la leo.) La pili, watu hawawezi kukutana tu wakajiita loji, sharti wapate hati kutoka Loji Kuu, na asiye na hati huhesabiwa kuwa mwigaji. Kisa chetu chote kimo katika mambo hayo mawili.

Boston katika miaka ya 1770 ulikuwa mji wa bandari wenye watu wapatao 15,000, chini ya mfalme wa Uingereza. Watu weusi walikuwamo wengi, na walio wengi wao walikuwa watumwa: wapishi, makuli wa bandarini, mabaharia, mafundi. Miongoni mwao alikuwako mtu aliyeitwa Prince Hall. Jina Prince maana yake ni mwana wa mfalme, lakini msidhani alikuwa na ufalme wowote. Wenye watumwa walipenda kuwapa watu wao majina makubwa kama hayo, na katika Boston walikuwako watu weusi zaidi ya mmoja walioitwa Prince Hall, jambo lililowasumbua sana waandishi wa historia. Kitabu kimoja cha mwaka wa 1903 kilidai kwamba alizaliwa katika kisiwa cha Barbados, akaja Boston kwa hiari yake. Hadithi hiyo ilinakiliwa mara nyingi, lakini wachunguzi wameipima wakaiona haina msingi.

Habari iliyo imara zaidi ni cheti cha tarehe 9 Aprili 1770. Siku hiyo bwana wake, William Hall, mtengenezaji wa ngozi, aliandika kwamba Prince hatahesabiwa tena kuwa mtumwa, bali ni mtu huru. Watu wa Zanzibar waliokwenda mahakamani baada ya amri ya mwaka wa 1897 kuomba hati zao za uhuru wangeielewa vema furaha ya siku hiyo, na hofu yake pia, maana karatasi huweza kuibiwa au kulowa, na mwenye nguvu huweza kuikanusha. Prince Hall alijitegemea kwa kazi ile ile ya ngozi. Ipo hesabu ya mwaka wa 1777 inayoonyesha kwamba aliliuzia jeshi la mizinga la Boston ngozi tano za kuwambia ngoma.

Sasa twaja penye loji. Boston ilikuwa na loji za wazungu tangu mwaka wa 1733, lakini hazikumpokea mtu mweusi. Mlango ulifunguliwa na watu ambao mji mzima uliwachukia, yaani askari wa Kiingereza. Vikosi vya Mfalme viliwekwa Boston kuwazuia wenyeji wasiasi, na katika kikosi kimoja ilikuwako loji ya askari iliyopata hati yake kutoka Ireland. Mapokeo ya chama yasema kwamba tarehe 6 Machi 1775 Prince Hall na wenzake 14, wote weusi na wote watu huru, walipokewa katika loji hiyo ya askari. Wapo wachunguzi wa siku hizi wanaoisogeza tarehe hiyo mbele hata mwaka wa 1778. Vyovyote iwavyo, kikosi kiliondoka, na ndugu hao weusi wakabaki na ruhusa nusu. Waliruhusiwa kukutana, kuandamana siku ya Mtakatifu Yohana, na kuzika wafu wao kwa taratibu za chama. Kuingiza wanachama wapya hawakuruhusiwa.

Hebu fikirini hali hiyo. Ni kama kijiji kupewa msikiti au kanisa kwa sharti kwamba mtoto yeyote asifundishwe kusali humo. Walipokufa wale 15, loji ingekufa nao.

Wakati huo vita vya Wamarekani na Mfalme vilikuwa vimekwisha kuwaka, na kila mahali watu walinena habari za uhuru. Tarehe 13 Januari 1777 Prince Hall na wenzake saba walipeleka maombi mbele ya Baraza la Massachusetts. Walisema kwamba wao nao wana haki ya asili ya kuwa huru, haki ambayo Mungu amewapa wanadamu wote. Kwamba walitekwa kwa hila na jeuri wakatengwa na wazazi wao. Na kwamba wanashangaa sana kuona kuwa kila hoja ambayo Marekani yaitoa juu ya Uingereza yawatetea watumwa mara elfu zaidi. Baraza liliyapokea maombi hayo, likayaweka. Utumwa wa Massachusetts ulivunjwa na mahakama, katika kesi zilizofikia hukumu mwaka wa 1783. Na watu walipohesabiwa mwaka wa 1790, hapakuandikwa mtumwa hata mmoja katika jimbo hilo.

Twarudi kwenye hati. Mwishoni mwa mwaka wa 1782 gazeti moja la Boston liliandika habari za maandamano ya ndugu hao kwa dhihaka, likawapa jina la kejeli la loji ya Mtakatifu Mweusi. Prince Hall hakutukana. Aliandika jibu fupi la adabu, akasema kwamba jina lao silo hilo, na kwamba jina lao ni Loji ya Waafrika. Angaliemi jina alilochagua. Wengi wa watu wake walikuwa hawajapata kuiona Afrika. Wao walilichukua wakaliandika juu ya mlango.

Wazungu wa loji za Massachusetts hawakutaka kuwapa hati, kwa hiyo Prince Hall alivuka bahari kwa kalamu. Mwaka wa 1784, mara tu vita vilipokwisha, alimwandikia ndugu mmoja wa London aitwaye William Moody, akamweleza kwamba wamekaa miaka mingi na ruhusa nusu, na kwamba wanaomba hati kamili. Loji Kuu ya Uingereza ilikubali. Hati iliandikwa tarehe 29 Septemba 1784, ikapewa namba 459. Lakini ada ilichelewa kufika, na hati ikakaa London. Ilipita miaka miwili na nusu. Hatimaye nahodha James Scott aliileta katika merikebu yake, ikafika Boston tarehe 29 Aprili 1787, na wiki moja baadaye, tarehe 6 Mei, loji iliwekwa rasmi, Prince Hall akiwa ndiye Bwana wake. Alitangaza jambo hilo gazetini, pasiwe na mtu wa kudai kwamba hakupata habari.

Labda mtauliza: watu waliokwisha kuwa huru walitaka nini kwa karatasi ya waashi? Ni swali jema, nasi twaona jibu lake limo katika mambo waliyoyatenda zaidi ya maneno waliyoyasema. Katika mji ule mtu mweusi alilipa kodi, lakini hakuwa na chama kilichokubaliwa na mtu yeyote mwenye cheo. Hati ya London iliwapa mahali pa kukutana bila kushukiwa, sanduku la fedha la kuwasaidia wajane na wagonjwa, na mtu mmoja wa kutia sahihi kwa niaba ya wote. Mwezi wa Novemba 1786 wakulima wenye madeni walipoasi katika Massachusetts, Prince Hall alimwandikia Gavana kwamba wako tayari kusaidia kuleta amani. Msaada wao haukukubaliwa. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Januari 1787, yeye na wenzake, jumla watu 73, waliomba Baraza liwasaidie kurudi Afrika na kununua ardhi huko, kwa kuwa waliona hawatapata heshima hapo walipo. Hilo nalo halikufanyika. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule waliomba shule kwa ajili ya watoto wao, wakisema kwamba kodi wanalipa sawasawa na wengine, lakini watoto wao hawafaidiwi na shule za mji. Baraza likakataa. Basi mwaka wa 1798 watu weusi wa Boston walifungua shule yao wenyewe, katika nyumba ya Primus Hall, na nyumba hiyo haikuwa kubwa.

Lakini jambo lililoijaribu loji kuliko yote lilitokea mwezi wa Februari 1788. Nahodha mmoja aliyetia nanga bandarini Boston aliwaita watu weusi watatu, wote huru, waje kufanya kazi katika merikebu yake. Walipokuwa chini ndani ya chombo, aling'oa nanga, akatweka tanga, akaelekea visiwa vya bahari ya Karibi kuwauza. Wasikilizaji wa pwani hawahitaji kufafanuliwa hila hii. Babu zetu waliwakataza watoto wasikaribie majahazi mageni wakati wa pepo za kusi kwa sababu hiyo hiyo.

Habari zilipoenea mjini, Prince Hall aliandika ombi, akatia sahihi yeye na ndugu 22, tarehe 27 Februari. Mmoja wa hao watatu alikuwa ndugu wa loji yao. Aliuliza yafuatayo: ikiwa watu huru huibwa mchana katika bandari ya mji huru, uhuru huo wafaa nini? Nao mabaharia weusi, je, wataacha kazi ya bahari kwa kuogopa kuuzwa, na watoto wao wale nini? Makasisi wa Boston walipeleka ombi lao, na Makwekari pia. Gavana John Hancock na balozi mdogo wa Ufaransa waliandika barua kwenda visiwani. Na tarehe 26 Machi, muda usiozidi mwezi mmoja baada ya ombi la loji, Baraza lilitunga sheria ya kukataza biashara ya watumwa katika Massachusetts, na kuzipa msaada jamaa za watu walioibwa.

Na wale watatu? Walipelekwa kisiwa cha Saint-Barthélemy, kilichokuwa wakati huo chini ya mfalme wa Sweden. Nahodha aliwaleta mbele ya mfanya biashara mmoja awanunue. Yule mwanachama wa loji alimtazama mtu huyo, akatambua kwamba naye ni Frimasoni. Wakajuana. Mtumwa mtarajiwa akamweleza mnunuzi mtarajiwa habari yake yote, na mfanya biashara badala ya kutoa fedha aliwapeleka mbele ya gavana wa kisiwa. Gavana aliwazuia wasiuzwe. Mwezi wa Julai walirejea Boston wakiwa hai, na Prince Hall mwenyewe aliwachukua mpaka nyumbani kwa kasisi Jeremy Belknap, ambaye alikuwa amepigania kurudi kwao. Ni kasisi huyo aliyeandika habari hii katika barua zake.

Tusifiche upande wa pili. Siku ile ile ya 26 Machi Baraza lilipitisha sheria nyingine, iliyosema kwamba Mwafrika ambaye si raia wa jimbo lolote la Marekani, wala si mtu wa Sultani wa Moroko, asikae Massachusetts zaidi ya miezi miwili. Mkono mmoja uliwalinda, wa pili uliwasukuma nje. Sisi tunapoisoma siku hiyo katika vitabu, hatuwezi kusema kama ilikuwa siku ya kheri au ya shari kwao.

Mwaka wa 1797, siku ya Mtakatifu Yohana, Prince Hall alisimama mbele ya ndugu zake akawahutubia, na hotuba hiyo ilipigwa chapa. Ndani yake alilalamika wazi juu ya matusi waliyoyapata barabarani Boston, hasa siku za sikukuu, akataja vikongwe waliovuliwa nguo na wahuni. Aliwahimiza wavumilie. Lakini aliwakumbusha pia hali ya ndugu zao katika visiwa vya Wafaransa, jinsi walivyochapwa miaka sita tu iliyopita, na jinsi mambo yalivyogeuka huko. Alikuwa akinena habari za maasi ya watumwa wa Haiti yaliyoanza mwaka wa 1791. Alilitaja jambo hilo kwa upole, lakini hakuna aliyeshindwa kumfahamu.

Mwaka huo huo loji za watu weusi zilianzishwa Philadelphia na Providence chini ya Loji ya Boston. Katika ile ya Philadelphia walikuwamo Absalom Jones na Richard Allen, ambao ndio waliojenga makanisa ya kwanza ya watu weusi katika mji ule. Wazungu wa loji za Boston waliendelea kukataa kuketi nao, wakitoa sababu za kanuni: hati hii ina kasoro, mapokezi yale hayakuwa halali. Rafiki mmoja mzungu wa kasisi Belknap aliitafsiri sababu hiyo kwa maneno machache, akasema kwamba kwa kweli wanaona haya kuwa sawa na watu weusi.

Prince Hall alifariki tarehe 4 Desemba 1807, akazikwa katika makaburi ya Copp's Hill, juu ya bandari. Siku 28 baadaye, tarehe 1 Januari 1808, ilianza sheria ya Marekani yote ya kukataza kuingiza watumwa kutoka ng'ambo.

Baada ya hapo London iliwasahau. Mwaka wa 1813 Loji Kuu mbili za Uingereza ziliungana kuwa moja, na orodha ya loji ilipoandikwa upya, Loji ya Waafrika haikuwamo. Hawakufukuzwa kwa kosa. Waliachwa tu, kama jina linavyorukwa katika daftari. Waliandika tena mwaka wa 1824, wasijibiwe. Basi mwezi wa Juni 1827 walitangaza katika gazeti la Boston kwamba tangu siku hiyo loji yao iko huru, haitawaliwi na loji nyingine yoyote, iwe ya Marekani au ya Uingereza. Aliyetangulia kutia sahihi ni John T. Hilton, kinyozi na mpinzani mkubwa wa utumwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameingia katika loji hiyo muuza nguo aitwaye David Walker, na mwaka wa 1829 Walker alipiga chapa kitabu kidogo cha kuwaita watumwa wadai uhuru, ambacho mabaharia walikificha ndani ya nguo wakakipeleka kusini, hata majimbo ya kusini yakatunga sheria kwa kukiogopa. Baadaye Loji Kuu ya watu weusi wa Massachusetts ilisimamiwa na Lewis Hayden, aliyetoroka utumwani Kentucky, na ambaye nyumba yake Boston ilikuwa maficho ya watoro wengine.

Matawi yaliyozaliwa na loji hii yalienea Marekani nzima, yakachukua jina la Prince Hall. Loji za wazungu ziliyakataa kwa miaka zaidi ya 200. Jimbo la Connecticut ndilo lililotangulia kufanya mapatano ya kudumu, mwaka wa 1989, na Loji Kuu ya Uingereza iliitambua Loji Kuu ya Prince Hall ya Massachusetts mwaka wa 1994.

Hati ya mwaka wa 1784 ingaliko. Mwaka wa 1869 nyumba ya loji ilishika moto, na hati ikatolewa katikati ya moshi. Iliungua pembezoni, lakini maandishi yake yasomeka.